Bidoni Saba

Jumamosi tulipanda Kavumu, sisi watu wa Kadutu,
viatu vimepigwa rangi mara mbili,
kreti tatu za bia zikigongana nyuma,
na Mjomba Zihindula kiti cha mbele, tai nyekundu,
akihesabu mashimo ya barabara kwa sauti
kana kwamba kila shimo lilichimbwa na wakwe.

Tulipopita Mudaka akafunga kioo.
"Mji umeishia hapa," akasema.
"Mbele ni maharage na ukungu."
Nilicheka. Nilikuwa bwana harusi, ningefanyaje?

Majigambo tulikuwa tumeyakariri kama sala:
mji wetu uliotia vidole vitano ziwani
kama mtu anayeonja mchuzi;
mji wenye rasi yenye umbo la kiatu,
eti Mungu alipita kwetu akasahau kimoja;
mji ambao mtoto wa miaka sita
anamdanganya mtoza kodi kwa lugha tatu.
Mjomba aliyasema yote, amesimama, jasho likimtoka,
mbele ya mabenchi ya kuazima shuleni.

Shangazi Ntakwinja, msemaji wa upande wa Nsimire,
alikuwa akichambua sombe. Hakuinua kichwa.
"Ndege yenu," akauliza, "inatua wapi?"

Kimya.

"Mnaiita ya Bukavu. Inatua nyuma ya jiko langu.
Mbuzi wangu wanajua saa zake kuliko rubani."
Akatupa kikonyo. "Na mashanza mnayoringia mezani,
yaligandia kwenye lami?
Makala je, mnayavuna Posta?
Mnatuita wa kijijini
na midomo yenu imejaa ndizi zetu."

Wanawake wakaangua kicheko. Dereva wetu naye, msaliti.
Mjomba akarekebisha tai.
"Lakini mkiugua mnakuja kwetu."
"Njo vile," akajibu shangazi.
"Nanyi mkifa mnakuja kwetu."

Hapo hakucheka mtu.
Baba yangu, aliyeapa hatalala usiku hata mmoja nje ya Kadutu,
amelala Kabare mwaka wa nne huu,
maana kilima chetu kimejaa, walio hai juu ya walio hai,
hakikubaki na nafasi
ya kumlaza mtu mmoja mrefu.
Shangazi aliuona uso wangu.
Akanisukumia kigoda kwa mguu.
"Kaa, mkwe. Ng'ombe sita."
"Wanne!" akasema mjomba, sauti imefufuka,
wakaanza upya, kwa raha zao.

Jioni kreti zilikuwa zimeshuka tupu,
na badala yake tukapakia bidoni saba za njano.
Hakuna aliyetuuliza kitu. Wote wanajua
bomba la Kadutu linakohoa mara mbili kwa wiki, hewa tupu,
na huku kijito kinapita nyuma ya nyumba
mchana kutwa, usiku kucha,
kinajimwaga tu, kama mtu asiyejua bei.
Mjomba aliikumbatia moja kifuani
kama mtoto wa kubatizwa.
"Maji ya huku," akanong'ona, "yana ladha ya majani."
Kufika Miti alikuwa ameshakunywa robo.

Kisha kona ile ya mwisho, na mji ukafunguka chini:
taa zikiteremka mlima kwa mlima,
zikisukumana hadi ukingo wa maji,
na ziwa likizihesabu mara ya pili.
"Tazameni!" mjomba akapiga dashibodi. "Kabare wana hii?"

Umeme ukakatika.

Tulipanda mtaa gizani, bidoni mabegani,
kila mmoja akitukana jiwe lake.
Mlangoni nikanawa miguu, kidogo tu, kwa kikombe.
Tope jekundu la Kavumu likashuka ngazi moja, ngazi ya pili,
likapita kizingiti cha Mama Cibalonza,
naye akapaza sauti kutoka gizani:
"Nani anamwaga maji saa hizi?"

"Ni wakwe," nikajibu.
"Wanakwenda kuona ziwa."